Mlima Haukukimbia: Filbert Bayi na Mbio za Kuongoza

Mkoani Arusha, maelezo ya mkimbiaji mzuri huwa tayari kabla swali halijamalizika. Watu watasema ni hewa: mji upo kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Mlima Meru umesimama nyuma yake na kilele kinachopita mita 4,500, na aliyezoea kupumua hewa nyepesi ya huku akishuka pwani hukimbia kama aliyetua mzigo. Ukiwabana zaidi watataja damu, kwamba watu wa nyanda za Karatu, Mbulu na Hanang wamezaliwa na miguu hiyo na hawana la kujifunza. Maelezo haya yanapendwa kwa sababu moja ambayo haisemwi waziwazi: hayamdai mtu yeyote kazi. Kama ni mlima, mlima upo; kama ni damu, damu ipo; basi tukae tungoje bingwa mwingine azaliwe. Dai langu ni kwamba maisha ya Filbert Bayi, Mtanzania wa kwanza kushika rekodi ya dunia katika riadha, hayaungi mkono maelezo hayo hata kidogo. Bayi alitokana na ajira ya jeshi, na ratiba ya mashindano, na zaidi ya yote na hesabu yake mwenyewe kuhusu namna ya kushinda, hesabu ambayo wengi wa wakati wake waliiona kuwa ni wendawazimu.

Alizaliwa Juni 1953, Karatu. Siku hizo Karatu ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu, ndani ya Jimbo la Kaskazini lililotawaliwa kutoka mji wa Arusha. Wakati wenyewe unafaa kukumbukwa. Mwishoni mwa 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, upande wa pili wa mlima, ili eneo lile liwe la walowezi wa Kizungu peke yao. Na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuifikisha kesi hiyo mbele ya Umoja wa Mataifa. Miongoni mwa walowezi wa jimbo hili walikuwamo Makaburu waliotoka Afrika Kusini mwanzoni mwa karne. Mtoto aliyezaliwa Karatu mwaka mmoja baadaye hakuwa na habari na mambo hayo, lakini miaka 23 mbele yangemfikia kwa njia ambayo hakuna aliyeiwazia. Tutafika huko.

Kwanza tuumalize mlima. Karatu ipo kwenye mita 1,500 hivi, juu kidogo ya Arusha. Eldoret ipo kwenye mita 2,100, Iten 2,400, Addis Ababa zaidi ya 2,300. Kama mwinuko ndio unaogawa medali, Arusha ingekuwa inapanga foleni nyuma ya miji mingi ya Kenya na Ethiopia, na isingetoa mshika rekodi ya mita 1,500 wala wa maili moja kabla ya miji hiyo. Jambo zito zaidi ni kwamba Bayi wa rekodi hakuwa akiishi Karatu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa Dar es Salaam, askari kijana wa Jeshi la Wananchi aliyefunzwa ufundi wa ndege, akifanya mazoezi yake katika joto la pwani, mita chache tu juu ya bahari. Kuna simulizi maarufu kwamba alikuwa akishindana na mabasi ya mjini, akilifukuza basi kutoka kituo hadi kituo. Iwe imeongezwa chumvi au la, simulizi hiyo ina jambo moja la kweli ambalo wapenzi wa nadharia ya mlima hawalipendi: mabasi hayo yalikuwa ya Dar es Salaam.

Atatokea wa kujibu kwamba mapafu yalikwisha kujengwa utotoni, na Dar es Salaam ilikuja kumalizia tu. Hoja hiyo si ya kupuuza, maana ni kweli mtoto wa bara la juu anayekwenda shule kwa miguu na kurudi kwa miguu hujijengea kitu. Lakini wenzake Bayi waliokwenda shule zilezile kwa njia zilezile walikuwa mamia kwa maelfu. Kitu kilichokuwa sawa kwa wote hakiwezi kueleza tofauti ya mmoja. Na orodha ya wakimbiaji wakubwa wa Tanzania wa enzi hiyo haikai katika mkoa mmoja wala kabila moja. Suleiman Nyambui alitoka Majita, kando ya Ziwa Victoria. Gidamis Shahanga alitoka Katesh, chini ya Mlima Hanang, na John Stephen Akhwari alitoka Mbulu. Ukiwatafutia kitu kinachowaunganisha hawa kwenye ramani ya milima utachoka. Kilichowaunganisha ni timu ya taifa na taasisi zilizoilisha.

Kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972 Bayi alikuwa na miaka 19. Alishiriki mita 1,500 na mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akatolewa katika mchujo wa awali kote kuwili. Miezi minne hivi baadaye, Januari 1973, alikuwa Lagos kwenye Michezo ya Afrika akikabiliana na Kipchoge Keino, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1968 na wa viunzi mwaka 1972, mtu ambaye kila mkimbiaji wa Afrika Mashariki alikuwa akimkimbilia hata ndotoni. Bayi alimshinda kwa dakika 3 na sekunde 37.2. Miezi minne haibadilishi damu, wala haiongezi urefu wa mlima. Kinachoweza kubadilika kwa muda huo ni mpango, na mpango wa Bayi kuanzia hapo ulijulikana kila alikokwenda: anatoka mbele mlio wa bastola unapokoma, anabaki mbele, na anayetaka ushindi amfuate huko.

Wakati huo mbinu hiyo ilionekana kinyume cha busara. Mbio za mita 1,500 zilikuwa za kuviziana. Wakimbiaji walikaa kundi moja raundi mbili au tatu, kila mmoja akimngoja mwenzake akate upepo, kisha mbio zikaamuliwa na mita 300 za mwisho. Majira ya joto ya 1973 Ulaya ilimwona Bayi akivunja adabu hiyo, na matokeo hayakuwa ya aina moja. Helsinki mwezi Juni alikimbia mita 1,500 kwa 3:34.6, muda ambao wachache sana duniani walikuwa wameufikia. Siku chache baadaye Stockholm, katika maili moja, Ben Jipcho wa Kenya alimpita na kushinda kwa 3:52.0, Bayi akiwa na 3:52.6. Waliokuwa wakimtazama walisema maneno ambayo bado yanarudiwa katika vitabu vya riadha, kwamba kijana yule ana nguvu lakini hana akili ya mashindano, anajimaliza mapema. Ndiyo hukumu ninayotaka ipimwe kwa takwimu, kwa sababu takwimu zipo.

Jumamosi ya Februari 2, 1974, Christchurch, New Zealand, fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kwenye mstari walikuwapo John Walker na Rod Dixon wa New Zealand, huyu wa pili akiwa na medali ya shaba ya Munich. Ben Jipcho, aliyekuwa tayari ameshinda mita 5,000 na viunzi katika michezo hiyohiyo. Mike Boit wa Kenya, Brendan Foster wa Uingereza, Graham Crouch wa Australia, na Nyambui. Bayi alikuwa na miaka 20. Rekodi ya dunia, 3:33.1, ilikuwa ya Jim Ryun wa Marekani tangu 1967. Bastola ilipolia Bayi aliondoka kama kawaida yake. Mita 400 za kwanza alizimaliza kwa karibu sekunde 55, mita 800 kwa 1:52, na katikati ya mbio nafasi kati yake na kundi ilikuwa kubwa kiasi cha kuwafanya watazamaji wamhesabu kuwa mtu aliyekwisha kujiharibia. Mita 1,200 alizipita kwa karibu 2:51. Walker alianza kupanda, nafasi ikapungua, uwanja mzima wa nyumbani kwake ukisimama. Bayi aligeuka kutazama, akaongeza mwendo, na kumaliza kwa 3:32.2. Walker alikuwa wa pili kwa 3:32.5, naye pia akiwa chini ya rekodi ya zamani ya dunia. Jipcho alikuwa wa tatu.

Hebu tuzichambue namba hizo badala ya kuzishangaa. Muda wa 3:32.2 kwa mita 1,500 ni wastani wa sekunde 56.6 kwa kila mita 400. Raundi ya kwanza ya Bayi, ile iliyoitwa ya kichaa, ilikuwa na tofauti ya sekunde moja na nusu tu na wastani wake wa siku nzima. Raundi ya pili ilikuwa ya sekunde 57 na ushei, na ya tatu ilikaribia 59. Mita 300 za mwisho alizikimbia kwa kama sekunde 41 na nusu, yaani kwa mwendo uleule wa raundi yake ya kwanza. Mtu aliyejimaliza hamalizi hivyo. Alichofanya ni kukopa nafasi mapema, kupumzika ndani ya raundi ya tatu wakati wenzake wanatumia nguvu kumfuata, kisha kurudisha kasi wakati wao wamekwisha kulipa gharama ya kumfikia. Walker ndiye aliyekimbia raundi ya tatu kwa bidii zaidi. Bayi aliitumia kuvuta pumzi, akiwa bado mbele.

Na sababu ya kuchagua njia hiyo inaonekana katika mbio nyingine za juma lilelile. Siku chache kabla ya fainali hiyo Bayi alikimbia fainali ya mita 800 na kuwa wa nne kwa 1:45.3. John Kipkurgat wa Kenya alishinda. Wa pili alikuwa Mike Boit na wa tatu John Walker. Wawili hawa, Boit na Walker, ndio waliokuja kusimama naye kwenye mstari wa mita 1,500. Kwa hiyo Bayi alikuwa na ushahidi wa siku chache tu kwamba mbio zikiamuliwa kwa kasi ya mwishoni, wapo angalau wawili watakaompita. Kuwangoja kungekuwa kuwapa ushindi mkononi. Ongeza hapo hesabu ya uwanja wenyewe: anayekimbia kundini na kulazimika kupita nje, katika njia ya pili, huongeza karibu mita 4 kwa kila kona, tena kwa kugongwa viwiko na kukanyagwa na viatu vya misumari. Anayeongoza hukimbia mita 1,500 kamili na hazidishi hata moja. Mbinu ya Bayi ilikuwa ya mtu aliyejua udhaifu wake na akaujengea uzio, na mtu wa namna hiyo haitwi mbumbumbu wa mbio.

Lipo pingamizi la mashabiki wa Walker ambalo lina miaka hamsini sasa: kwamba mbio zingekuwa ndefu zaidi kwa mita 50, New Zealand ingepata dhahabu. Huenda. Ila mbio zilikuwa za mita 1,500, na kujua mahali utepe ulipo ni sehemu ya ujuzi wa mkimbiaji. Isitoshe, Mei 17, 1975, Kingston, Jamaica, Bayi alikimbia maili moja, ambayo ni mita 109 zaidi, akaongoza tangu mwanzo na kumaliza kwa 3:51.0. Marty Liquori wa Marekani na Eamonn Coghlan wa Ireland walikuwa nyuma yake na hawakumfikia. Rekodi ya Ryun ya 3:51.1, ya mwaka 1967, ikaondoka kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Rekodi ya Bayi ya maili haikudumu: Agosti 12 mwaka huohuo Walker alikimbia 3:49.4 mjini Göteborg, mtu wa kwanza kushuka chini ya 3:50. Ya mita 1,500 ilikaa hadi Agosti 1979, alipokuja Sebastian Coe wa Uingereza. Dunia ilikuwa imepata jozi ya wapinzani isiyo na mfano, na wote walijua watakutana Montreal, kwenye Olimpiki ya 1976.

Hawakukutana. Juni 1976 timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, siku chache baada ya polisi wa makaburu kuwapiga risasi wanafunzi wa Soweto. Nchi za Afrika zilidai New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakataa, ikisema raga si mchezo wa Olimpiki. Na zaidi ya mataifa 20 ya Afrika yakajitoa. Tanzania ya Nyerere ilikuwa miongoni mwa nchi za mbele kabisa kuchukua msimamo huo. Mara nyingi uamuzi huo husimuliwa kama jambo lililopangwa Dar es Salaam na kumwangukia kijana wa Karatu kutoka mbinguni. Kwa msomaji wa Arusha mambo hayakuwa mbali hivyo. Jimbo alilozaliwa Bayi lilikuwa limeonja kwa ngozi yake yenyewe sera ya kugawa ardhi kwa rangi. Wazee waliofukuzwa Engare Nanyuki walikuwa bado hai. Huhitaji kukubaliana na kususa kule ili uone kwamba kulikuwa na mizizi miteremkoni mwa Meru kama kulivyokuwa na mizizi Ikulu.

Gharama yake ilikuwa kubwa hata hivyo, na si haki kuifunika kwa maneno ya uzalendo. Walker alishinda Montreal kwa 3:39.2, sekunde saba nyuma ya muda wa Bayi wa Christchurch. Mita 800 za kwanza za fainali ile zilipitwa kwa karibu 2:03, zile ambazo Bayi alizipita kwa 1:52. Wapo wanaosema Bayi alikuwa amesumbuliwa na malaria mwaka huo na hangeweza kushinda, kwa hiyo Tanzania haikupoteza kitu. Hoja hiyo haikai sawa. Malaria ingeweza kumnyima dhahabu, lakini isingeweza kumfanya akimbie mita 800 kwa 2:03 akiwa katikati ya kundi. Akiwapo Bayi, hata akiwa nusu ya Bayi, mbio zile zingekuwa nyingine kabisa, na mpangilio wa washindi haubashiriki. Kilichopotea ni jibu lenyewe, na Walker, ambaye hakuwa na kosa lolote, alilipoteza pia.

Miaka iliyofuata ndiyo inayotumiwa zaidi na wanaoshikilia kwamba kuongoza lilikuwa kosa. Edmonton, Kanada, mwaka 1978, Bayi aliongoza fainali ya Jumuiya ya Madola akapitwa karibu na utepe na David Moorcroft wa Uingereza, 3:35.48 kwa 3:35.59. Tofauti ni sehemu kumi na moja za mia ya sekunde. Wasimuliaji huishia hapo na kutikisa kichwa. Wangetazama nafasi ya tatu wangekuta John Robson wa Scotland, sehemu moja ya mia nyuma ya Bayi, jambo linaloonyesha jinsi ushindani ulivyokuwa umebana. Watu watatu walimaliza kwa pamoja. Yule aliyefanya kazi ya kukata upepo muda wote alikuwa wa pili. Mwaka huohuo mjini Algiers alitetea ubingwa wake wa Afrika wa mita 1,500. Mbinu ilikuwa ileile. Miguu ilikuwa imepoteza kidogo, na dunia ilikuwa imejifunza kutoka kwake kwamba raundi ya kwanza si ya matembezi. Coe na Steve Ovett walikuwa wamewadia.

Moscow mwaka 1980 ni habari ya aina nyingine. Marekani iliitisha kususa kwa sababu Umoja wa Kisovieti uliivamia Afghanistan, na Februari Rais Carter akamtuma Muhammad Ali kuzishawishi nchi za Afrika. Kituo cha kwanza kilikuwa Tanzania, na Nyerere hakukubali kuonana naye. Kenya ilisusa, Tanzania ikaenda. Bayi, akiona mita 1,500 zimekuwa za Waingereza wawili, alirudi kwenye viunzi, mbio alizotolewa nazo Munich. Mbio hizo ni kazi ya peke yake: viunzi 28 vya karibu sentimita 91 ambavyo havianguki ukivigonga, na mara saba kiunzi chenye dimbwi la maji mbele yake lenye urefu wa mita 3.66, ambapo mkimbiaji hukanyaga juu ya ubao, hujisukuma, na kutua pale maji yanapokuwa na kina kidogo. Kila anayetua vibaya hulipa kwa mapaja, na deni huonekana raundi ya mwisho. Bayi aliwaacha wenzake kwa mita nyingi, akiwa peke yake mbele raundi baada ya raundi. Bronisław Malinowski wa Poland, mtaalamu wa viunzi aliyepata fedha Montreal, hakupaparika. Alimkuta Bayi raundi ya mwisho, kwenye maji, mapaja ya Bayi yakiwa yamekwisha, akampita na kushinda kwa 8:09.7. Bayi alimaliza kwa 8:12.5, akaitwaa fedha mbele ya Eshetu Tura wa Ethiopia.

Hapa wapinzani wangu wana haki kidogo, nami sitawanyima. Siku ile alianza kwa kasi zaidi kuliko alivyoweza kuvumilia, na katika viunzi hesabu ya kukopa na kulipa ni ngumu kuliko katika mita 1,500. Ila tukumbuke aliyempita alikuwa bingwa aliyebobea katika mbio hizo, na Bayi hakuwa amezikimbia mara nyingi kwenye mashindano makubwa. Kwa mtu wa namna hiyo kupata medali ya fedha kwa kuongoza karibu njia nzima ni ushahidi zaidi wa mbinu kuliko wa kosa. Nyambui alipata fedha ya pili kwenye mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Medali hizo mbili za Moscow ndizo pekee ambazo Tanzania imewahi kuleta kutoka Olimpiki, hadi Paris 2024 ikiwa imepita.

Sasa turudi kwenye mlima, kwa sababu mlima haukuhama. Baada ya 1980 hewa ya Karatu ilibaki ileile, watoto waliendelea kwenda shule kwa miguu, na damu, kama ipo, iliendelea kurithiwa. Kilichobadilika ni vitu vingine. Katika miaka ya 1970 mkimbiaji aliajiriwa na jeshi, polisi, magereza au shirika la umma, akapewa chakula, muda na safari. Michezo ya shule ilimwibua na mashindano ya taifa yakampima. Miaka ya 1980 uchumi ulibana, mashirika yakafa moja baada ya jingine, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 hata michezo ya shule ikasimamishwa kwa muda. Mlima pekee haukuziba pengo hilo.

Kuna jibu zuri kwa hoja hii na halina budi kusikilizwa. Tanzania haikukauka: Francis Naali alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola Manchester mwaka 2002, Fabiano Joseph akawa bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2005, Samson Ramadhani akashinda Melbourne mwaka 2006. Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha kwa 2:09:48, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye utepe kabisa, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Wengi wa wakimbiaji hawa wamefanya mazoezi kwenye barabara na njia za vumbi kuzunguka Arusha. Lakini wote hao ni watu wa barabara. Barabara haihitaji serikali wala uwanja. Ipo, na mwenye viatu na moyo anaweza kuamka saa kumi na moja alfajiri akaitumia. Mita 1,500 zinahitaji kiwanja kilichopimwa, saa, kocha anayejua kugawa kasi, na mashindano ya mara kwa mara ya kumfundisha kijana kukaa kundini na kutoka kundini. Mahali taasisi zilipokufa, mbio zinazohitaji taasisi zilikufa nazo, na zile zisizozihitaji sana zikabaki. Simbu mwenyewe ni askari wa Jeshi la Wananchi, kama Bayi. Hilo linanitosha kuwa ushahidi.

Bayi alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, alikosoma pia Nyambui, kisha akarudi kuwa mwalimu na kiongozi wa michezo. Alianzisha shule zilizobeba jina lake Kimara na Mkuza, Kibaha, na kwa miaka mingi alikuwa katibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Wapo wanaomuuliza kwa nini medali hazikuja katika miaka yake ya uongozi. Swali ni halali, ila limebisha mlango usio wake: kamati ya Olimpiki hupeleka timu, haiwaibui watoto wa darasa la tano. Jukumu hilo ni la shule na wilaya. Inafaa kuona kwamba mtu ambaye wengi wanamtaja kuwa zawadi ya asili alitumia maisha yake yaliyobaki kujenga madarasa. Kuna wa kusema shule za kulipia haziwafikii watoto wa Karatu wanaotembea kwa miguu, na ni kweli. Hiyo ndiyo sababu kazi isiachwe kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo maofisa elimu na maofisa michezo wa Arusha, Arumeru, Monduli na Karatu wanaombwa jambo dogo ambalo halisubiri kujengwa kwa uwanja mpya wowote: kila kiwanja cha shule kipimwe mita 400, chokaa imwagwe, saa ya mkononi inunuliwe, na muda wa kila mtoto uandikwe kwenye daftari kila muhula. Rekodi ya Bayi ya Christchurch ilibaki kuwa rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa miaka 48, hadi Oliver Hoare wa Australia alipoivunja Birmingham mwaka 2022. Rekodi ya Tanzania ya mita 1,500 bado ni ileile ya Februari 2, 1974.